Ugezi na Wasifu: Historia Fupi ya Rangi ya Kiwambo na Istilahi Zake

Katika kata ya Makwale, wilayani Kyela, mbegu ya kakao, au kokoa kama wenyeji wengi waiitavyo, hupasuliwa kwa kisu ili ndani yake pakaguliwe. Ikiwa ndani ni kahawia, mbegu hiyo imevundikwa ikaiva sawasawa. Ikiwa ni zambarau, uvundikaji haukutimia. Na ikiwa ni kijivu, mfano wa kile kibao cha kuandikia cha wanafunzi wa zamani, mbegu hiyo haikuvundikwa hata kidogo. Kwa kanuni zilizozoeleka katika biashara ya kakao duniani, mbegu 300 hupasuliwa na kuhesabiwa. Katika daraja la kwanza mbegu za kijivu hazipaswi kuzidi asilimia 3, na katika daraja la pili zisizidi asilimia 8. Wilaya ya Kyela ndiyo itoayo sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania. Kwa hiyo, jina la rangi huko si pambo la maneno. Ni hukumu juu ya jasho la mtu.

Tuliletewa kazi ya kupitia tafsiri ya kijitabu cha kuwafundisha wakulima madaraja hayo. Kijitabu kilikuwa na picha, nasi tulikisoma katika kompyuta kabla hakijapigwa chapa. Kulizuka ubishi. Mfasiri mmoja aliandika chini ya picha fulani kwamba mbegu ni ya kahawia; mwenzake, aliyekuwa akiitazama picha ile ile katika kompyuta ya chumba cha pili, akaandika kwamba ni ya zambarau. Tulidhani kwamba tatizo ni la lugha, tukafungua kamusi. Kamusi hazikutusaidia, maana wote wawili walijua vyema maana ya maneno yao. Hatimaye tulipata mbegu zenyewe kutoka Makwale, tukazipasua na kuziweka mbele ya viwambo viwili. Hapakuwa na kiwambo hata kimoja kilichofanana na mbegu. Kimoja kilivuta upande wa manjano, cha pili kilivuta upande wa buluu, na kila mfasiri alikuwa ameandika kwa uaminifu kile alichokiona.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza, kwa njia ya historia, jinsi wanadamu walivyolitafutia dawa tatizo hilo, na kupendekeza istilahi za Kiswahili zitakazotuwezesha kuisema dawa hiyo bila kuchanganya mambo. Tutaonyesha kwamba dawa yenyewe ni kazi mbili zilizo tofauti, na kwamba desturi yetu ya kuziita zote mbili kwa neno moja, yaani "kurekebisha rangi", ndiyo inayowapoteza watu.

Rangi za Kiswahili na vigezo vyake

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi ambavyo hupatanishwa na ngeli za majina, navyo ni -eusi, -eupe na -ekundu. Husema mtu: kitambaa cheusi, nguo nyeupe, maua mekundu. Jambo hili linalingana na yale waliyoyaandika wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, katika kitabu chao cha mwaka 1969, kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na nyeusi, nyeupe na nyekundu.

Rangi nyingine zote tumezipata kwa kuonyesha kitu. Manjano ni bizari ile itiwayo katika mchuzi. Kijani ni namna ya jani, na kijivu ni namna ya majivu. Kahawia imetoka katika kahawa, na zambarau imetoka katika tunda. Samawati imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Wazee walipotaka kutaja wekundu uliokolea na kuelekea weusi walisema "damu ya mzee". Hata neno rangi lenyewe tulilipokea kutoka Uajemi na India kwa njia ya biashara ya bahari.

Basi, ni dhahiri kwamba Mswahili hakuitaja rangi kwa kuiwazia tu. Aliitaja kwa kuilinganisha na kitu ambacho msikilizaji wake amekwisha kukiona. Kitu hicho ndicho tunachokiita kigezo. Njia hii ni njema, lakini ina kasoro moja: kigezo chenyewe hubadilika. Jani la mpunga mchanga katika mashamba ya bondeni Kyela si jani la mkakao uliokomaa, na yote mawili ni kijani. Bizari mbichi si bizari iliyokaa juani. Watu wa kijiji kimoja huelewana kwa sababu majani yao ni yale yale. Lakini mtu wa Makwale anapopelekewa picha iliyotengenezwa Dar es Salaam au Ulaya, huelewana kwa jani lipi?

Jinsi kigezo kisichonyauka kilivyotafutwa

Swali hilo halikuwa letu peke yetu. Mwaka 1905 mwalimu mmoja wa uchoraji huko Marekani, Albert Munsell, alitoa kitabu cha kuzipanga rangi kwa mambo matatu: aina ya rangi, weupe au weusi wake, na ukolevu wake. Baadaye vibandiko vya rangi vya Munsell vilitumiwa na wataalamu wa udongo ulimwenguni, na hata leo mpimaji wa udongo hushika bonge la udongo kwa mkono mmoja na kitabu cha vibandiko kwa mkono wa pili, akatafuta kipi kimefanana. Huo ni mwendo ule ule wa "namna ya jani", ila jani limebadilishwa na kibandiko kilichotengenezwa kwa uangalifu.

Kwa upande wa mwanga, hatua kubwa ilichukuliwa mwaka 1861 jijini London. Mtaalamu wa Uskoti, James Clerk Maxwell, alionyesha picha ya utepe wa rangi nyingi. Utepe huo ulikuwa umepigwa picha mara tatu, kwa kupitisha mwanga katika kioo chekundu, cha kijani na cha buluu. Kisha picha tatu zikamulikwa pamoja ukutani kwa taa za rangi hizo hizo, na rangi za utepe zikatokea. Kila kiwambo cha kompyuta tukitumiacho leo kinafuata asili hiyo. Ukikitazama kwa kioo cha kukuzia utaona vijitaa vyekundu, vya kijani na vya buluu, wala hakuna kingine. Kahawia ya kakao haimo ndani ya kiwambo. Hutokea kwa kuchanganya mianga mitatu kwa kadiri fulani.

Ilibaki kuafikiana juu ya kadiri hizo. Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, iliyoundwa mwaka 1913, ilipitisha mwaka 1931 kipimo cha rangi kwa tarakimu. Kipimo hicho kilijengwa juu ya majaribio ya Waingereza wawili, W. David Wright na John Guild, ambao waliwaketisha watu mbele ya mianga na kuwataka wachanganye mwekundu, wa kijani na wa buluu mpaka mchanganyiko ufanane na mwanga uliokusudiwa. Watu hao, kwa majaribio yote mawili, walikuwa 17 tu. Kutokana na macho yao kulipatikana "mtazamaji wa kigezo", yaani jicho la wastani ambalo si la mtu yeyote bali hutumika badala ya macho yetu sote. Tangu hapo rangi iliweza kuandikwa kwa namba, na namba hainyauki.

Kompyuta zilipoenea, kila kiwanda kilitengeneza viwambo vyake kwa namna yake, na tatizo likarudi kwa sura mpya. Namba zile zile zilizopelekwa katika viwambo viwili zilitoa rangi mbili. Mwaka 1993 kampuni nane ziliunda Ushirika wa Kimataifa wa Rangi ili kuafikiana namna ya kuandika maelezo ya kila chombo katika faili linaloweza kusomwa na kompyuta yoyote. Mwaka 1996 kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft zilipendekeza mfumo wa rangi uitwao sRGB, ambao mwaka 1999 ulifanywa kuwa kiwango cha kimataifa. Picha nyingi tunazopelekewa leo zimeandikwa kwa mfumo huo.

Kiwambo chafika kwetu

Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Kazi yake ilikuwa hesabu, na rangi haikuwa na nafasi humo. Mwaka 1973 Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi, nao Wazanzibari wakawa miongoni mwa watu wa kwanza kusini mwa Sahara kutazama rangi katika kiwambo. Tanzania Bara ilikwenda mwendo mwingine. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na televisheni ulipigwa marufuku, na vituo vya televisheni vya Bara vilianza mwaka 1994. Hivyo watu wengi wa Bara walikutana na kiwambo cha rangi wakati ambapo lugha ya chombo hicho ilikuwa imekwisha kuundwa na wengine.

Hata hivyo, Kiswahili hakikukosa neno. Kuwamba ni kutandaza ngozi na kuikaza, kama ifanywavyo katika ngoma, na kiwambo ni kile kilichowambwa. Neno hili liliazimwa kwa ajili ya uso wa televisheni na wa kompyuta, nalo limekaa vizuri, ingawa wengi husema skrini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice, na kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa ofisi aliweza kufungua, kuhifadhi na kuchapa kwa amri za lugha yake. Lakini istilahi hizo zilihusu zaidi maandishi. Rangi ya kiwambo iliachwa, yamkini kwa kuwa ilidhaniwa kwamba kila mtu ana macho.

Mizani ya mnunuzi

Ili kuzitenganisha kazi mbili tulizozitaja, tunaona hakuna mfano bora kuliko mizani. Mkulima wa Makwale apelekaye kakao au mpunga wake sokoni huitazama mizani kabla ya kutazama fedha. Anajua kwamba mizani inaweza kusema uongo, na anajua kwamba kuna mamlaka ya Serikali inayokuja kuihakiki na kuipiga muhuri.

Tuseme mizani fulani inaonyesha kilo 2 hali hakuna mzigo juu yake. Fundi ataweza kuifungua na kuirudisha mahali pa sifuri. Hapo amekigusa chombo chenyewe, na chombo kimebadilika. Sasa tuseme kwamba, baada ya fundi kumaliza, mawe ya kupimia yanawekwa juu ya mizani moja baada ya jingine, na karani anaandika katika kadi: kwa kilo 20 husoma sawasawa, kwa kilo 50 huzidisha nusu kilo, kwa kilo 100 huzidisha kilo moja. Karani hakuigusa mizani. Ameieleza tu. Lakini yeyote mwenye kadi ile anaweza kupata uzito wa kweli kwa kupunguza kile kilichozidi.

Kwa kiwambo mambo ni hayo hayo. Kazi ya kwanza ni kukirudisha kiwambo katika hali iliyokubaliwa. Kwanza huwashwa kwa muda wa nusu saa hivi, kipate moto na kutulia, na taa au jua linaloangukia uso wake huzuiwa. Kisha huchaguliwa mambo matatu. La kwanza ni weupe wake, ambao kwa kawaida ni wa kelvini 6500, karibu na mwanga wa mchana wenye mawingu, jambo lisilo geni Kyela kwenye mvua nyingi. La pili ni ukali wa mwanga, ambao kwa ofisi yenye mwanga wa wastani huwa kati ya kandela 80 na 120 kwa mita mraba. La tatu ni mwendo wa kutoka weusi hadi weupe, ambao hutajwa kwa namba iitwayo gama, na aghalabu huwa 2.2. Chombo kidogo cha kupimia huning'inizwa juu ya uso wa kiwambo, nacho husoma mwanga huku vitufe vikizungushwa mpaka namba zifikie zilizochaguliwa.

Kazi ya pili huanza hapo kazi ya kwanza iishapo. Programu huonyesha mabaka ya rangi moja baada ya jingine, na namba za kila baka zinajulikana. Chombo husoma rangi iliyotokea kweli. Tofauti baina ya namba zilizotumwa na rangi iliyotokea huandikwa katika faili. Faili hilo ndilo kadi ya karani. Programu ya kuonyesha picha hulisoma, kisha hugeuza namba za picha kabla ya kuzipeleka katika kiwambo, ili rangi itakayotokea iwe ile iliyokusudiwa.

Faida ya kutenganisha kazi hizi ni kubwa. Mtu aliyekwisha kufanya ya kwanza tu hudhani amemaliza, kumbe kompyuta haina habari ya kasoro zilizosalia. Mwingine hunakili faili la maelezo kutoka kompyuta ya rafiki yake, kana kwamba kadi ya mizani ya Ipinda inaweza kutumika kwa mizani ya Matema. Wa tatu huandikisha faili kisha akabadili mwangaza wa kiwambo jioni yake, akaendelea kuliamini faili ambalo si la kiwambo kile tena. Wala maelezo hayawezi kuongeza kile ambacho chombo hakina: kiwambo kisichoweza kutoa kijani kilichokolea hakitakitoa kwa kuandikiwa faili. Zaidi ya hayo, viwambo huzeeka. Kwa sababu hiyo wenye kazi ya rangi huzirudia kazi zote mbili kila mwezi hivi.

Istilahi tunazopendekeza

Kwa kazi ya kwanza tunapendekeza neno ugezi. Neno hili si jipya. Linatumika nchini katika shughuli za viwango na vipimo kwa maana ya kukilinganisha chombo cha kupimia na kipimo kinachoaminika. Limetokana na kitenzi geza, chenye maana ya kulinganisha au kufuatisha, nalo ni ndugu wa kigezo. Hivyo mtumiaji hukumbushwa na neno lenyewe kwamba hakuna ugezi pasipo kigezo. Neno "urekebishaji" halina kumbusho hilo, maana mtu anaweza kurekebisha kitu kwa kadiri ya matakwa yake.

Kwa faili la maelezo tunapendekeza wasifu wa rangi. Wasifu umekwisha kuzoeleka kwa maana ya maelezo ya sifa za mtu, kama vile yapelekwavyo pamoja na barua ya kuomba kazi, na maana tuitakayo haiko mbali. Tulifikiria kuiita kazi yenyewe "kuwasifu", kwa kuwa kitenzi wasifu kimo katika Kiswahili. Lakini msomaji akutanapo na neno "kuwasifu" kwanza atafahamu kuwasifu watu, yaani kuwapa sifa njema, na karani wa mizani hatoi sifa njema, husema kweli. Kwa hiyo tunapendekeza kuandika wasifu, ambalo halina utata.

Istilahi nyingine ziandamanazo na hizo ni hizi:

Kigezo cha rangi: rangi au hali ya mwanga iliyokubaliwa kuwa ndiyo ya kulinganishia.
Kipimarangi: chombo cha kusomea mwanga utokao katika kiwambo na kuutoa kwa namba.
Nukta nyeupe: weupe uliochaguliwa kuwa ndio weupe kamili wa kiwambo.
Upeo wa rangi: jumla ya rangi zote ambazo chombo fulani kinaweza kuzitoa.
Mtazamaji wa kigezo: jicho la wastani lililokubaliwa mwaka 1931 katika upimaji wa rangi.
Gama: namba ielezayo mwendo wa mwanga kutoka weusi hadi weupe.

Hitimisho

Mtu anaweza kuuliza kama mambo haya yanawahusu kweli wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali. Jibu letu ni kwamba yanawahusu mno. Bendera ya Taifa ina kijani, manjano, nyeusi na buluu, na kila siku huchorwa na kuchapwa kutoka katika viwambo ambavyo havikupata kugezwa. Mwalimu huwafundisha watoto rangi kwa picha za kompyuta. Bwana shamba hupelekewa picha ya jani lenye ugonjwa, akatakiwa aseme kama umanjano wake ni wa ukosefu wa mbolea au wa virusi.

Kuhusu kijitabu chetu, tuliomba viwambo vyote viwili vifanyiwe ugezi na viandikiwe wasifu, kisha tukaziweka tena mbegu za Makwale mbele yake, zilizopasuliwa asubuhi ile ile. Wafasiri wetu wawili walitazama, wakaandika neno moja, nalo lilikuwa zambarau. Mbegu ile haikuwa imeiva. Lau kijitabu kingepigwa chapa kama kilivyokuwa, mkulima angefundishwa kuitambua kuwa njema mbegu ambayo mnunuzi angeishusha thamani, naye asingejua kamwe kwamba kosa lilifanyika mezani petu.

Tunawaomba wasomaji watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi, hasa wale wanaofanya kazi katika mitambo ya kupigia chapa na katika maabara za vipimo, maana wao huenda wana maneno yao ambayo hatujayasikia. Neno la fundi lililokwisha kufanya kazi lina haki ya kusikilizwa kabla ya neno letu.